Ndege Gani Huyu? Namna ya Kumsaidia Mwenzako Kumtambua Ndege

Swali huja fupi: "Wakuu, ndege gani huyu?" Chini yake pana picha ya mbali, ndege kageuza mgongo, tawi limempita shingoni. Mahali hapakutajwa, tarehe haipo.

Mwenye uzoefu hushawishika kutupa jina moja na kupita. Jina hilo hata likiwa sahihi humfaa mwulizaji mara moja tu. Kesho atakutana na ndege yule yule kwenye mwanga mwingine na atauliza upya. Jibu lenye faida lina mambo matatu: jina, alama mbili tatu zinazoonekana kwenye picha yake mwenyewe, na pacha wa ndege huyo, yaani yule anayefanana naye kuliko wote, pamoja na sababu ya kumwondoa. Hilo la tatu ndilo watu huliruka, na ndilo hufichua makosa. Ukijilazimisha kuandika "si fulani kwa sababu..." halafu sababu isipatikane, ujue hujamtambua ndege. Umemkisia.

Uliza kwanza

Duniani kuna spishi za ndege karibu 11,000. Mahali na tarehe huzipunguza hadi mia chache kabla hujatazama unyoya hata mmoja, kwa hiyo maswali ya kwanza ni hayo. Jina la nchi halitoshi. Unachohitaji ni eneo na mazingira yake: ukingo wa bwawa, ndani ya msitu, shamba lililovunwa, nyasi ndefu za bondeni, mlimani na kwa urefu gani hivi kutoka usawa wa bahari. Ndege wawili wanaofanana kama maji na maji huweza kutenganishwa na mwinuko tu, mmoja akikaa juu na mwingine chini.

Tarehe ina kazi kwa sababu ya wahamaji. Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica) huwa kusini mwa Sahara kuanzia Septemba hivi hadi Aprili. Picha ya Julai inayofanana naye inahitaji jicho la pili: huenda ni Hirundo angolensis, ambaye wekundu wa koo lake hushuka hadi kidarini, mkanda mweusi wa chini yake ni mwembamba na hukatika, na tumbo lake ni la kijivu-kahawia. Mbayuwayu wa Ulaya ana mkanda mpana usiokatika na tumbo jeupe-jeupe. Ila usimfute kwa kalenda peke yake, maana kila mwaka wapo wachache ambao hawarudi kaskazini. Kalenda inakuambia uangalie kwa bidii zaidi. Hukumu hutoka kwenye manyoya.

Tarehe yenyewe usiichukue tu kutoka kwenye faili. Kamera ambayo saa yake haijawahi kupangwa huandika 1 Januari ya mwaka wa ajabu, na picha iliyopitia programu za kuchati kwa kawaida huwa imeminywa na kunyang'anywa taarifa za mahali na wakati. Mwombe mwenzako akutumie faili halisi, aitume kama hati badala ya picha. Tofauti huonekana papo hapo: kwenye faili halisi utaona rangi ya jicho, kwenye iliyominywa utaona kidoa cheusi.

Baada ya hapo uliza alichokuwa akifanya yule ndege. Alikuwa chini akitembea au akirukaruka? Alining'inia kwenye ua? Alikaa wima kwenye waya, akashuka kudaka mdudu na kurudi pale pale? Alipanda shina la mti huku mkia ukimwegemeza? Mwendo huwa ushahidi mzito kuliko rangi, na mwulizaji ameuona hata kama kamera haikuunasa. Uliza pia kama ana picha nyingine, hata zile mbaya alizotaka kufuta. Picha yenye ukungu ya ndege akiruka mara nyingi ndiyo huonyesha mkia na kiuno, sehemu ambazo picha safi ya ndege aliyetulia imezificha.

Lakini usimmiminie maswali kumi kwa mpigo. Chagua mawili yatakayoamua. Mtu aliyeanza juzi akiulizwa mambo kumi huacha kujibu yote.

Kuisoma picha: umbo mbele, rangi nyuma

Wanaoanza huenda mbio kwenye rangi: "ana njano kifuani." Wewe anza na umbo. Mdomo ni mfupi na mnene kama wa mla mbegu, mwembamba kama wa mla wadudu, umepinda chini kama wa chozi (kile kindege kinyonyacho maua), au una ndoana kama wa kipanga? Miguu ni mirefu kiasi gani ukilinganisha na mwili? Mkia una panda, ni wa duara, au umekatwa wima? Ncha za mabawa yaliyokunjwa zinafika wapi juu ya mkia? Maswali haya yakijibiwa, umeshampata wa ukoo gani, na rangi sasa ina pa kufanyia kazi.

Rangi hudanganya kwa njia zinazojulikana, na inafaa uzijue moja moja. Ndege akiwa na anga angavu nyuma yake hugeuka kivuli. Ongeza mwanga wa sehemu za giza kwenye programu yoyote ya kuhariri picha mpaka alama za kifua zijitokeze, lakini kumbuka kwamba ukizidisha, tumbo la kijivu litaonekana jeupe. Jua la jioni humpaka ndege mweupe rangi ya chungwa. Ili kujua, tafuta kitu ndani ya picha hiyo hiyo ambacho rangi yake unaijua, kama jani, jiwe au ukuta, ulinganishe. Kivuli cha majani humwaga ukijani tumboni. Na ndege wanaong'aa, kama kwenzi na chozi, mng'ao wao hutokana na jinsi unyoya ulivyojengwa unavyorudisha mwanga. Dume la chozi kwenye kivuli huweza kuonekana jeusi tii, akageuka kidogo akawa zambarau, akageuka tena akawa kijani. Kwa chozi, basi, tazama kwanza urefu na mpindo wa mdomo, kisha kama mkia una manyoya marefu ya katikati, kisha mipaka ya rangi: zinakutana wapi, kuna mkanda kifuani au hakuna. Rangi ikibadilika, mipaka hubaki palepale.

Ukubwa nao ni mtego. Ndege aliye peke yake angani hana ukubwa. Makadirio ya mwulizaji yanaweza kukosea hata mara mbili. Kadirio linaaminika pale tu penye cha kulinganisha karibu naye kabisa: unene wa waya, upana wa jani unalolijua, ndege mwingine kwenye tawi lile lile. Ndege aliyejikunyata kwa baridi hujaza manyoya akaonekana mnene na asiye na shingo, na akishtuka hujibana akawa mwembamba. Ni yule yule.

Siku hizi kuna mtego mpya: programu za "kunoa" picha. Programu hizi hazifichui maelezo yaliyofichika; zinabuni maelezo yanayoelekea kuwepo. Zinaweza kumchorea ndege mstari wa nyusi ambao hakuwa nao, au kuufuta aliokuwa nao. Dalili zake ni jicho safi kama kioo huku manyoya ya ubavuni yameyeyuka kama rangi ya maji, vidole vya miguu visivyo na hesabu, na mdomo wenye ncha kali kupita kiasi. Ukiziona, omba picha ya awali kabla hujasema lolote.

Tuwachukue ndege weupe wa miguu mirefu ambao wengi huwaita yangeyange wote kwa pamoja, tuone kazi inavyokwenda. Anza na mdomo. Ukiwa mfupi na wa njano, na chini ya kidevu manyoya yamejaa kama mtu aliyevimba taya, huyo ni yangeyange afuataye ng'ombe, Bubulcus ibis (baadhi ya orodha mpya humwandika Ardea ibis). Ukiwa mweusi, mwembamba kama sindano, na miguu ni myeusi yenye vidole vya njano, ni Egretta garzetta. Ukiwa wa njano na shingo ni ndefu yenye kona, umebakiwa na wawili: Ardea alba, aliye mkubwa, na yule wa kati, Ardea brachyrhyncha, ambaye vitabu vingi bado vinamwita intermedia. Hapo usibishane kuhusu urefu. Kuza picha usoni ufuate mstari mwembamba mweusi unaotoka kwenye pembe ya mdomo. Ukipita nyuma ya jicho, ni Ardea alba. Ukiishia chini ya jicho, ni yule wa kati.

Hiyo ndiyo njia nyoofu. Sasa mambo yanayoiharibu. Wakati wa kuzaliana mdomo wa Ardea alba hugeuka mweusi, na anayejua kanuni ya "mdomo mweusi ni garzetta" huanguka hapo. Yangeyange wa ng'ombe naye hupata wekundu mdomoni na rangi ya mchanga utosini, kifuani na mgongoni, na makinda yake yaliyotoka kiotani karibuni huwa na mdomo mweusi kwa muda mfupi. Vidole vya njano vya garzetta hufichwa na tope au nyasi, kwa hiyo "sikuona njano" si sawa na "hakuna njano". Tofauti hiyo ya maneno ni ndogo, ila nusu ya mabishano ya utambuzi hutokea hapo. Kwenye jibu lako andika wazi ni lipi kati ya hayo mawili.

Umri, jinsia na manyoya yanayobadilika

Vitabu na programu nyingi humwonyesha kwanza dume lililokomaa kwenye msimu wa kuzaliana. Ndege walioko nje wengi wao si hivyo. Picha isipolingana na kitabu, jiulize kwanza kama ni kinda au jike, au ndege anayebadili manyoya, kabla hujafikiria spishi adimu.

Dalili za ndege mchanga ni hizi: pembe za mdomo zilizovimba na zenye njano au weupe, manyoya ya mwili mororo na yaliyotawanyika, kingo hafifu za rangi ya mchanga kwenye mabawa, na mkia mfupi kwa sababu bado unakua. Mkia huo mfupi umepotosha wengi. Keremkerem (mla nyuki) mchanga hana manyoya marefu ya katikati ya mkia, na aliyekomaa huweza kuyavunja, hivyo kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu. Kuwepo kwake ndiko kunakothibitisha.

Mifano mitatu hujirudia kila mara. Wa kwanza ni mwewe wa mdomo wa njano (Milvus aegyptius). Akiwa mchanga mdomo wake ni mweusi, na watu humgeuza mhamaji wa Ulaya, Milvus migrans, kwa alama hiyo moja. Angalia kwanza kama ana michirizi hafifu kifuani na kingo za rangi ya mchanga mgongoni, ambazo ni dalili za uchanga. Wa pili ni mdiria mdogo wa majini, Corythornis cristatus, ambaye akiwa mchanga mdomo wake ni mweusi badala ya mwekundu. Pacha wake ni Ispidina picta. Hapa rangi ya mdomo iache. Tazama juu ya jicho. Kwa cristatus kofia ya buluu inashuka hadi kwenye jicho. Kwa picta kuna utepe wa rangi ya chungwa kati ya kofia na jicho, na shavuni ana baka la zambarau. Wa tatu ni kwenzi wanaong'aa wenye tumbo la rangi ya kutu: Lamprotornis superbus ana mkanda mweupe kifuani, weupe chini ya mkia, na jicho la rangi ya maziwa, L. hildebrandti hana mkanda wala weupe huo, na jicho lake ni jekundu. Lakini superbus mchanga jicho lake ni la giza. Ukilitegemea jicho utapotea, weupe wa chini ya mkia ndio utakaokuokoa.

Kuna swali jingine linalorudi kila msimu wa mvua: picha ya ndege mdogo akimlisha kinda lililomzidi ukubwa. Kinda si lake. Kekeo hutaga kwenye viota vya wengine, na kekeo kijani (Chrysococcyx caprius) hupenda viota vya kwera, ndege wasukao viota. Kinda lake hutambulika kwa mdomo mwekundu wa matumbawe, ambao mama mlezi hana.

Kwera wenyewe, wakiwa majike au madume nje ya msimu, ni mahali pa kukiri kushindwa mapema. Jike la kwera wa kijani-njano lenye michirizi mgongoni linaweza kuwa la spishi tano. Kiota kikiwemo kwenye picha una bahati, maana umbo la kiota, urefu wa mlango wake na namna kilivyofungwa kwenye tawi husema mengi. Kisipokuwepo, "Ploceus, jike", yaani jenasi (kundi la spishi za karibu) bila spishi, ni jibu kamili na la heshima.

Kuhusu mabawa yenye mapengo: pengo lililopo sehemu ile ile ya mabawa yote mawili ni la kubadili manyoya, la upande mmoja tu ni la ajali. Pengo humbadilisha mwewe umbo akaonekana ana "vidole" vingi au vichache kwenye ncha ya bawa, kwa hiyo usihesabu ncha za bawa kabla hujaliangalia. Ndege mwenye mabaka meupe yasiyo na mpangilio, jicho likiwa la rangi ya kawaida, ana upungufu wa rangi tu, na mabaka hayo yasihesabiwe kama alama. Mfuatilie kwa umbo na sehemu zilizobaki na rangi. Na paji la njano au la chungwa kwa ndege anayekunywa nekta mara nyingi ni chavua.

Majina yanayokanyagana

Kiswahili kina majina mazuri ya ndege, lakini mengi ni ya koo nzima. "Tai" humtaja tai mwindaji na tai mla mizoga. "Mwewe" kwa mmoja ni huyu mwenye mkia wa panda, kwa mwingine ni ndege yeyote anayenyakua vifaranga. "Mbayuwayu" hubeba na teleka, ambao hata si ndugu: mbayuwayu hukaa kwenye waya, teleka hawezi, hujishikiza ukutani kwa makucha. Kwa hiyo tumia jina la Kiswahili ambalo mwenzako analijua, ukiambatanisha la kisayansi. Bila hilo la kisayansi mnaweza kukubaliana juu ya neno huku kila mmoja ana ndege wake kichwani.

"Korongo" ndilo hasa linalochanganya, maana limebeba koo tatu: ule wa yangeyange, ule wa marabu, na ule wa korongo wenye taji (Gruidae). Ndege akiwa angani, kanuni ni rahisi: anayekunja shingo kama herufi S ni wa ukoo wa yangeyange, anayeinyoosha mbele ni wa koo mbili zilizobaki. Marabu (Leptoptilos crumenifer) huivunja kanuni, kwani yeye ni wa wanaonyoosha lakini huruka ameikunja. Husemwa pia kwamba anayetua mtini si wa ukoo wa Gruidae. Nalo ni kweli mpaka ukutane na korongo wenye taji (Balearica), ambao kidole chao kirefu cha nyuma huwawezesha kushika tawi.

Ikiwa ni sauti

Kuna ndege ambao picha nzuri haiwamalizi. Jenasi ya Cisticola, vijidege vya kahawia vya nyasini, ndiyo mfano mkuu. Wengi wao hutenganishwa kwa wimbo, na picha bila sauti utaikazia macho mpaka yaume.

Mwelekeze mwenzako arekodi angalau nusu dakika bila kukatisha, simu ikielekezwa kwa ndege, na mwishoni ataje kwa sauti mahali, saa na alichokiona. Asitumie kitufe cha ujumbe wa sauti cha programu ya kuchati: hutengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, huminya sauti na kukata milio ya juu. Atumie programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV (sauti isiyominywa), azime chochote kinachoitwa kupunguza kelele. Kisha linganisha na rekodi za Xeno-canto, maktaba huria ya sauti za ndege iliyoanza mwaka 2005, ukichuja kwa nchi kwanza, kwa sababu spishi moja huwa na lahaja. Tazama pia mchoro wa sauti, sio kusikiliza tu; macho hupambanua mapigo matatu na manne vizuri kuliko sikio lililochoka.

Tahadhari mbili. Kipwe (Laniarius) huimba wawili kwa zamu, dume na jike, na milio yao hufuatana kwa karibu kiasi kwamba msikilizaji huapa ni ndege mmoja. Na mlamba (Dicrurus adsimilis) huiga milio ya hatari ya ndege wengine ili wakimbie waache chakula. Programu ya simu iliyotaja spishi nne kutoka kichaka kimoja huenda imemsikia mlamba mmoja.

Hilo linatuleta kwenye programu kwa jumla. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, na mfano wake ni msaada mkubwa wa kupata orodha ya kuanzia. Udhaifu wao ni kwamba huchagua miongoni mwa spishi walizofundishwa. Ndege asiyekuwemo hulazimishwa kuwa anayemkaribia. Mwenzako akikuambia "programu imesema", jibu zuri ni kumwonyesha alama mbili za kukagua kile ilichosema.

Kuandika jibu

Hili ni jibu la mfano:

"Asante kwa picha, ndugu. Huyu ni mlamba, Dicrurus adsimilis. Kwenye picha ya pili mkia una panda ya kina na ncha zimepinda nje, na jicho ni jekundu. Pacha wake ni Melaenornis pammelaina, mweusi vilevile, lakini jicho lake ni la kahawia iliyokolea na mkia wake unakaribia kunyooka mwishoni. Picha ya kwanza peke yake isingetosha kwa sababu jani limeuficha mkia."

Limekaa kwenye mistari michache na halina hotuba. Linamwambia picha ipi iliamua, ili siku nyingine aulenge mkia. Kama jicho lingekuwa la kahawia, jibu lingebadilika: mlamba mchanga ana jicho la kahawia na panda isiyo na kina, kwa hiyo ungelazimika kuandika "ama huyu ama yule" na kuuliza kama alikuwa na kelele na kuwafukuza mwewe, tabia ya mlamba, au alikaa kimya akishuka kudaka wadudu.

Yapime maneno ya uhakika. "Ni" kwa ulichothibitisha na pacha umemwondoa. "Naona ni" kwa kilichoelekea huko lakini alama moja haionekani. "Huenda" kwa kisio lenye sababu. Ushahidi ukiishia kwenye jenasi, nawe ishia hapo, useme ni picha ya sehemu gani ingewafikisha kwenye spishi. Jibu la "siwezi kufika mbali zaidi bila kuona kiuno" ni msaada, kwa sababu mwenzako sasa anajua cha kutafuta.

Usiunge mkono jina kwa sababu tu aliyelitaja ni mzoefu. Kwenye iNaturalist, kwa mfano, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe na kuvitambua pamoja, jina la pamoja huhitaji watu wawili au zaidi na makubaliano ya zaidi ya theluthi mbili. Mmoja akikosea na wa pili akamfuata bila kuangalia, kosa linaingia kwenye kumbukumbu kama ukweli. Ukipinga, pinga alama: "Mimi naona mstari unaishia chini ya jicho, wewe unauona wapi?" Hapo mnarudi wote kwenye picha, hakuna anayetetea cheo.

Mtu akidai ameona ndege asiyewahi kuonekana eneo lile, usimcheke na usimkubalie. Mwombe picha zote, aandike maelezo siku hiyo hiyo kabla hajafungua kitabu, kisha uliza kama ndege ana pete mguuni, mkia uliochakaa kwa kusuguana na nyaya, au hamwogopi mtu, kwa sababu ndege waliotoroka kwenye vizimba huleta "maajabu" mengi. Yote yakipita, apeleke kwa kamati ya kumbukumbu za ndege ya nchi yake.

Kuna picha ambazo jina lake lisubiri. Picha ya kiota, au ya bundi aliyelala, yenye mahali kamili, mwombe kwanza aondoe mahali hapo. Picha ya kinda mkononi, mjibu haraka: kama lina manyoya na linaweza kurukaruka, alirudishe kwenye tawi au kichaka cha karibu aondoke, wazazi wapo na wanasubiri, kama liko uchi, alirudishe kiotani. Wazazi hawalitelekezi kwa harufu ya mtu. Ndege aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu, na wakiwa wengi mahali pamoja wataarifiwe maofisa wa mifugo au wanyamapori.

Ukigundua umemtaja ndege vibaya, rudi kwenye jibu lile lile. Usilifute. Andika jina jipya juu, acha la zamani lisomeke, taja alama iliyokupotosha, umwarifu mwulizaji, maana huenda alishaliandika kwenye daftari lake.